Namna ya Kuuliza Maswali ya Maana katika Usaili wa Mafunzo ya Ubingwa

Daktari aliyemaliza mwaka wake wa intani, yaani wa mafunzo ya kazi hospitalini baada ya shahada, na kufanya kazi wilayani kwa muda, akiitwa Moshi kwenye usaili wa mafunzo ya ubingwa, kwa kawaida hutumia wiki nzima kujiandaa kujibu na hatengi hata saa moja ya kujiandaa kuuliza. Mwishoni jopo humwambia, "Daktari, una swali kwetu?" Anayejibu kwamba hana huwa ameziachia dakika pekee alizopewa za kuwapima watu watakaomfundisha kwa miaka kadhaa.

Kwanza ielewe njia unayoiomba. Shahada ya uzamili ya tiba, yaani MMed, kama zile zinazosomewa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, hukufanya mwanafunzi wa chuo mwenye ada ya kulipa na tasnifu ya kuandika. Kwa hiyo ulizia usimamizi wa tasnifu na muda unaotumika kupata kibali cha maadili ya utafiti. Kwa upasuaji ipo pia njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, ambacho hakina majengo ya kufundishia: daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, miaka miwili kwa ngazi ya kwanza na angalau mitatu zaidi ili awe bingwa. Huyo aulizie mkataba wake wa ajira kabla ya jambo lingine lolote.

Ada, tarehe na sifa za kujiunga zimekwisha kutangazwa, usizipotezee swali.

Swali zuri hudai tukio, halidai sifa. Ukiuliza kama mafunzo ni mazuri, hakuna profesa atakayekujibu kwamba ni mabaya. Uliza hivi: "Profesa, mwanafunzi wa mwaka wa pili akiwa zamu usiku, akaletewa mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, bingwa hufika baada ya muda gani, na ni nani anayeshika kisu?" Hapo jibu litakuwa na dakika na mtu ndani yake, na likikosa vyote viwili utakuwa umejua jambo kubwa kuhusu usiku wa hospitali hiyo. Katika usaili wangu wa kwanza, mahali nisipopataja, niliulizia maktaba. Nilipoanza masomo nikakuta kwamba wanafunzi tulikuwa wengi kuliko wagonjwa wa kupasuliwa, na kwa zaidi ya mwaka nilivuta kingo za jeraha huku wengine wakipasua. Swali moja tu, la mara ngapi kwa mwaka mwanafunzi hufanya upasuaji kwa mkono wake mwenyewe na kuuandika katika daftari lake la kazi, lingenionyesha hayo mapema.

Swali la pili ninalolithamini ni la waliotangulia: kati ya walioanza pamoja, wangapi walimaliza kwa wakati, na waliochelewa walikwamishwa na nini? Liulize kwa sauti ya heshima, kwa ufupi, bila kutanguliza hotuba ya kuonyesha unayoyajua, kisha umwache mkubwa amalize kusema hata akinyamaza kidogo katikati. Maswali mawili ya namna hii yanatosha mbele ya jopo.

Mambo ya posho, likizo na malazi waulize marezidenti wenyewe, yaani madaktari walio katika mafunzo hayo ya ubingwa. Usaili ukiisha usikimbilie basi la Arusha; subiri raundi ya wodini imalizike, msalimu rezidenti aliyetoka zamu, na umuulize faraghani kama mara ya mwisho alipompigia bingwa simu usiku, bingwa alikuja. Jibu lake likitofautiana na lile la jopo, mimi ningelishika la aliyekuwa zamu.