Mapambo ya mdalasini yasiyolegea kwa hewa ya Tanga

Mara ya kwanza nilitumia unga wa ngano na chumvi: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, na viungo vya kunukia juu yake. Nyota zikatoka ngumu na nzuri. Nikazitundika mlangoni wiki mbili kabla ya Krismasi, vuli bado inanyesha. Siku ya tatu zikaanza kutoka jasho. Siku ya tano moja ikachomoka kwenye uzi wake ikaanguka sakafuni, pwata, kama ugali.

Kosa lilikuwa chumvi. Hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 au hapo karibu, chumvi huvuta maji mpaka inayeyuka, na usiku wa vuli pwani kwetu unyevu huo si wa kutafuta. Mtu wa Dodoma anaweza kufanikiwa na mapambo ya chumvi. Mimi niliyaacha, nikahamia donge la mdalasini mtupu. Mdalasini wenyewe ndio unga. Mafuta yake pia huzuia ukungu, jambo ambalo ngano haiwezi.

Mahitaji

Kwa mapambo 12 hadi 15 yenye upana wa sentimita 6:

- Mdalasini wa unga kikombe 1 cha kupimia (mililita 250, karibu gramu 125), na wa akiba kidogo
- Karafuu ya unga kijiko 1 cha chakula
- Tangawizi ya unga kijiko 1 cha chakula
- Kungumanga iliyokunwa nusu kijiko cha chai
- Rojo la ubuyu au la epo, robo tatu ya kikombe
- Gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala, vijiko 2 vya chakula

Mdalasini nunua wa magome, usage mwenyewe. Mimi huchukua soko la Mgandini, robo kilo ili nibaki na akiba, kwa wauzaji wa viungo vinavyoshuka kutoka Muheza na milima ya Amani. Vunja kipande pale pale mezani kwa muuzaji, unuse. Kama harufu haikupigi, weka chini, nenda meza ya pili. Ule wa unga uliokaa kwenye kipakti miezi na miezi utakupa rangi tu, na pambo lisilonukia ni tope lililokauka. Saga kwa blenda au twanga kwenye kinu, kisha chekecha kwa chekeche la unga. Funga mdomo na pua kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la mdalasini halifai kuvutwa kifuani, na watoto wakae mbali kwa dakika hizo.

Sasa hilo rojo. Marekani, ambako mapambo haya yamezoeleka, wanatumia rojo la tufaha lililopikwa. Ukisoma "tufaha" kwenye maelezo yao usikimbilie tofaa letu jekundu la pwani, lile lina maji mengi mno. Wanamaanisha epo la dukani. Limenye, likate, lichemshe na maji kidogo mpaka livurugike, uponde na upoze. Linafaa, ila bei yake hapa ni ya kumletea mgonjwa, si ya kuchezea. Kinachofanya epo lishike ni pektini, kitu kile kile kinachogandisha jamu, na ubuyu nao umejaa pektini. Kwa hiyo mimi naloweka nusu kikombe cha unga wa ubuyu kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, nakoroga, nachuja nyuzinyuzi. Rojo liwe zito kama uji wa kulamba. Likiwa chini ya robo tatu ya kikombe, ongeza maji kijiko kimoja kimoja.

Uwe ubuyu mweupe, mtupu. Ule mwekundu wa sukari, tunaoununua kwa ajili ya kumumunya, utakuletea sisimizi kabla pambo halijakauka. Nimejaribu, najua.

Hatua ya 1: kukanda

Changanya viungo vikavu kwanza. Tia gundi kwenye rojo, koroga, halafu mimina kidogo kidogo huku ukikanda. Mwanzo litakuwa kama mchanga wenye maji na utadhani umeharibu. Endelea. Likishikana, lifunge kwenye mfuko wa nailoni ulipumzishe nusu saa, mdalasini unywe maji vizuri. Karafuu huchoma mikono yenye ngozi laini, basi vaa glavu, na usijiguse macho.

Lipime hivi: finyanga kigololi, kiminye. Kingo zikipasuka, lowesha viganja ukande tena. Likinata vidoleni, ongeza mdalasini.

Hatua ya 2: kusukuma na kukata

Kibao cha chapati na kisukumio vinatosha. Kibao kipake mdalasini, usipake ngano, maana ngano huacha mabaka meupe. Tatizo la wengi ni unene usiolingana: upande mmoja unakauka, mwingine bado. Laza penseli mbili, moja kulia na moja kushoto mwa donge, na kisukumio kipite juu yake. Donge haliwezi kuwa jembamba kuliko penseli, na unene huo, zaidi kidogo ya nusu sentimita, ndio unaofaa. Likiwa jembamba zaidi linajikunja.

Kata kwa kikombe cha kahawa, kopo la nyanya lisilo na ncha kali, au kisu. Wakati wa Idi mimi hukata mwezi mwandamo, na Krismasi nyota. Majahazi ninayakata mwaka mzima kwa sababu wageni wanayapenda, ila mlingoti uuache mnene, la sivyo utakatika mkononi. Toboa tundu kwa mrija wa soda, sentimita moja kutoka ukingoni. Lifanye kubwa kuliko unavyodhani, maana pambo hunywea likikauka.

Kwa nakshi, gandamiza kipande cha ukili juu ya donge kisha ukinyanyue taratibu: alama ya msuko inabaki yote. Kombe za pwani na kitana pia vinatoa nakshi nzuri.

Hatua ya 3: kukausha

Hapa ndipo kazi ilipo, usiwe na haraka. Panga mapambo kwenye ungo, funika kwa kipande cha chandarua, weka kivulini penye upepo. Jua kali la saa saba linakausha ngozi ya juu peke yake na pambo linajikunja kama papa wa kuanikwa. Siku ya kwanza geuza kila baada ya saa mbili au tatu, siku zinazofuata asubuhi na jioni. Magharibi ikiingia yaingize ndani, kwa sababu umande utakurudisha ulikotoka. Kaskazi ikivuma vizuri, siku tatu zinatosha. Wakati wa vuli mimi huhesabu tano, hata sita.

Mwenye oveni aiweke nyuzi 95, saa mbili hadi mbili na nusu, akigeuza katikati. Mwenye jiko la mkaa asubiri chakula kishaiva na makaa yameshika majivu. Achukue sufuria kubwa tupu, apange vijiwe vitatu ndani, juu yake sahani ya bati yenye mapambo, kisha afunike akiacha upenyo wa mvuke. Jiko likae nje au barazani, kamwe si chumbani mlikofunga madirisha.

Kujua kama limekauka, ligusishe shavuni. Likiwa la baridi, bado lina maji ndani. Likigongwa na kucha lilie kama kigae.

Hatua ya 4: kumalizia

Lainisha kingo kwa msasa laini na ufute vumbi kwa kitambaa kikavu. Kamba nzuri ni ukili mwembamba au uzi wa katani. Vanishi usipake: kweli inazuia unyevu, lakini inaziba harufu, na harufu ndiyo tuliyoihangaikia.

Tundika kwenye tawi la mvinje, mlangoni kwa ndani, au kwenye kamba ya pazia, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Yasikae mahali mtoto mdogo anafikia. Yanafanana mno na biskuti, na ndani yana gundi. Mpwa wangu alilinyofoa moja akaniuliza, "Shangazi, mbona hii biskuti chungu?"

Sikukuu zikiisha, mengine nayatia kabatini katikati ya kanga, pale bibi alipokuwa akiweka kikuba chake cha maua ya kunukia kikishanyauka. Harufu ikififia, sugua mgongo wa pambo kwa msasa mara mbili tatu, au lidondoshee tone moja la mafuta ya karafuu.

Yanayobaki yahifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, chini umwage mchele mkavu ngumi mbili, kama tunavyofanya kwenye chumvi. Mchele huo usiupike. Najua unavyonukia, lakini umelala mwaka mzima na gundi.