Jinsi ya kumzoesha mtoto mchanga kwa dada wa kazi kabla ya likizo ya uzazi kuisha

Likizo ya uzazi kwa mfanyakazi wa Tanzania ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Kwa hiyo akina mama wengi ninaowahudumia katika kliniki ya watoto hapa Moshi hurudi kazini wakati mtoto ana majuma machache tu tangu aanze kumtabasamia anayemtazama. Wengi huandaa maziwa na nguo, lakini hawamwandai mtoto mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kumleta dada mapema, angalau wiki mbili kabla. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni dada kushuka basi Jumapili jioni, na mama kuondoka Jumatatu alfajiri. Wiki ya kwanza dada akae karibu unaponyonyesha, ili mtoto aizoee sauti yake akiwa bado mikononi mwako; kisha amwogeshe na kumbembeleza ukiwapo. Wiki ya pili toka kwa nusu saa, halafu saa mbili.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kumfundisha dada kumsoma mtoto. Mtoto anayekukodolea macho na kutoa sauti anataka kuongeleshwa, na baada ya kumwongelesha ni lazima unyamaze kidogo ili naye apate nafasi ya kuitikia. Anayegeuza uso na kupiga miayo amechoka, na aachwe apumzike. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wawatazame watoto wao kwa dakika chache bila kuonyesha hisia yoyote usoni, na watoto wale walijaribu kuwarudisha mama zao kwa tabasamu na mikono, kisha wakageuka pembeni kwa huzuni. Anayempakata mtoto huku macho yake yakiwa kwenye simu humfanyia jambo linalofanana na hilo, na hapa nawasema wazazi pia. Bibi aliyekuja kumpikia mzazi mtori mara nyingi ni mwalimu mzuri wa hatua hii, ila asikubaliwe anaposema kwamba mtoto akibebwa sana atadeka. Mtoto wa miezi mitatu hadeki. Kulia ndiyo njia aliyonayo ya kuita, na anayeitikiwa hujifunza kwamba kuna mtu.

Hatua ya tatu ni kumtunza dada mwenyewe. Msichana wa miaka 13 ni mtoto anayestahili kulelewa, si mlezi, kwa hiyo tafuta mtu mzima, umlipe kwa wakati, umpe siku ya kupumzika, wala usimrundikie kufua, kupika na kulea kwa pamoja. Anayegombezwa kutwa hawezi kuwa mpole kwa mtoto anayelia.

Hatua ya nne ni kuaga. Usitoroke, mwambie mtoto unakwenda kazini na utarudi, kila siku kwa maneno yaleyale. Khanga uliyoivaa mwachie dada ajitande anapombembeleza, lakini isiwekwe kitandani mtoto anapolala. Sheria inamtaka mwajiri akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku saa za kazi, kwa hiyo iombe ruhusa hiyo. Ukirudi jioni, nawa mikono na umpakate kabla hujaingia jikoni.

Karibu na mwezi wa nane mtoto aliyekuwa ametulia anaweza kuanza kukung'ang'ania na kulia ukiondoka. Hiyo kwa kawaida ni hatua ya ukuaji, na haitoshi kumshuku dada. Kinachonitia hofu zaidi ni ukimya: mtoto aliyeacha kulia hata akiwa na njaa, asiyetazama usoni, asiyetabasamu tena, au anayeshtuka dada anapomsogelea. Mlete kliniki mara moja, bila kusubiri tarehe ya chanjo iliyoandikwa kwenye kadi. Na kama wewe mwenyewe umekuwa na huzuni isiyoisha kwa wiki mbili au zaidi, mwambie muuguzi siku hiyohiyo.