SOMO: Kufuma kazi kadhaa kwa wakati mmoja kabla ya baridi, na zote zikamalizika

Kila ikikaribia Machi naulizwa swali lilelile: "Nina sweta limeishia kifuani, mzula umeishia nusu, blanketi la mtoto lipo robo, nianzie wapi?" Nimelijibu kwenye simu, sokoni na nje ya kanisa baada ya ibada. Sasa naliandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Niko Njombe. Huku baridi inaanza kuuma mwisho wa Mei na haituachii mpaka Agosti iishe. Wenzetu wa Makete wanaamka na kukuta umande umeganda kwenye majani. Kwa hiyo sweta linalokamilika Septemba limemkosa mwenyewe.

Kufuma kazi tatu kwa pamoja si kosa. Mkono uliochoka na sindano mbili hupumzika ukishika kroshia, na kazi ya mistari mirefu iliyokuchosha utaitamani tena baada ya siku mbili za mizula. Kinachoua kazi ni namna tunavyoiweka chini. Ndiyo maana hatua ya 5 ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1. Toa kila ulichoanza, weka juu ya kitanda, tazama.

Hatua ya 2. Kila kazi iwe na mfuko wake, pamoja na sindano zake na uzi wake wote.

Hatua ya 3. Baki na tatu. Moja ya kutumia akili, kama sweta lenye mchoro, ambayo unaifanya mchana ukiwa umetulia. Moja ya safari, ambayo mkono unaijua bila macho: miraba ya blanketi ya kroshia inafaa sana, inaingia kwenye pochi na ukishuka kwenye basi unaikatiza popote. Moja ya tarehe, yaani ile ambayo mtu anaisubiri. Zilizobaki zifunge vizuri uziweke kabatini. Kama kuna kazi ambayo hata mwenyewe hujui uliianzia nini, ifumue, uzi wake una kazi nyingine.

Kabla ya kuanza yoyote, fuma sampuli ya mraba kama sentimita 12, ifue, ianike, kisha hesabu mishono iliyo ndani ya sentimita 10 za katikati. Ukipata 20 na unataka mzula wa kichwa cha sentimita 56, toa sentimita 4 ili ushike, zinabaki 52, mara 20, gawa kwa 10: mishono 104. Hesabu hiyo ya kuzidisha na kugawa ni ileile kwa sweta, soksi na skafu.

Hatua ya 4. Nunua uzi wote wa kazi moja kwa mara moja, na kwenye lebo usitazame rangi tu, tazama namba ya loti. Madonge mawili yenye namba moja ya rangi lakini loti tofauti yalitiwa rangi kwenye mapipa tofauti. Dukani yanafanana kabisa. Ukiyavaa juani mstari unaonekana mgongoni. Kama loti zimeshachanganyika, fuma mistari miwili ya donge hili na miwili ya lile kwa kupokezana, mpaka utakaa umetawanyika.

Hatua ya 5. Kuiweka kazi chini. Hii isome taratibu hata kama nyingine umeziruka.

Ukiwa na kazi tatu na sindano chache, siku moja utazihitaji sindano za sweta kwa ajili ya mzula. Utahamishia mishono ya sweta kwenye uzi, utachukua sindano, na utajiambia utakumbuka. Hutakumbuka. Mimi nilirudi kwenye sweta la mtoto na sindano za milimita 4.5 badala ya zile za milimita 4 nilizofumia mgongo, na nikagundua siku ya kuunganisha. Mkono ulikuwa uleule, uzi uleule, macho hayakuona tofauti yoyote. Lakini piga hesabu: mishono 80 ikiwa 22 kwa sentimita 10 inatoa upana wa sentimita 36 na kidogo. Mishono hiyohiyo 80 ikilegea na kuwa 20 kwa sentimita 10 inatoa sentimita 40. Mgongo na kifua vinapishana karibu sentimita 4, na hakuna mshono wa pembeni unaoweza kuficha hizo. Dawa ni kufumua.

Kwa hiyo hakuna kazi inayolala bila karatasi ndani ya mfuko wake. Andika unene wa sindano kwa milimita, namba ya loti, mstari uliofika, na jambo linalofuata kwa maneno kamili: "mstari wa 47, upande wa nyuma, unaofuata punguza mshono mmoja kila upande." Usiandike "endelea". Utakayeisoma ni wewe wa wiki tatu mbele, na huyo hajui ulichokuwa unafikiri.

ANGALIENI namba za sindano. Sindano nyingi za zamani zilizo mikononi mwetu zina namba za kale za Uingereza, ambapo namba ikikua sindano inakuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Za Kimarekani zinakwenda kinyume, na namba 8 yao ni milimita 5. Ukiandika "namba 8" kwenye karatasi yako hujaandika kitu.

ANGALIENI pia pa kusimamia. Usiache kazi katikati ya mstari, mishono hunyooka pale ilipokunjwa na alama inabaki. Maliza mstari. Kama kazi italala zaidi ya wiki, pitisha uzi mwembamba wa pamba wa rangi nyingine ndani ya mishono yote iliyo kwenye sindano, uuache humo. Mtoto akichomoa sindano, kazi itafumuka mpaka kwenye huo uzi na kusimama. Kwa kroshia ni rahisi zaidi, maana kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu: kipitishie pini ya nepi, uifunge.

Na usiisimamishe kazi baada ya mkono mmoja wa sweta. Mikono miwili ifume pamoja kwenye sindano moja, kila mmoja na donge lake. Utapunguza na kuongeza mahali palepale, na italingana.

Hatua ya 6. Hesabu muda kwa mishono. Mgongo wa mishono 80 kwa mistari 110 ni mishono 8,800. Jipime kwa saa: ukifuma mishono 20 kwa dakika, huo mgongo peke yake ni saa 7 na dakika 20. Kifua kinakaribia hapo, bado mikono, shingo na kuunganisha. Sasa tazama jioni zako kwa uaminifu, rudi nyuma kutoka mwisho wa Mei, na utaona kama sweta la pili linawezekana au umpe huyo mtu mzula. Kubwa lianze Machi, mizula inaweza kungoja Mei.

Hatua ya 7. Ficha ncha, unganisha, fua, anika juu ya taulo ikiwa imelala. Akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, usiipige pasi, inalala na hairudi tena.

Maswali karibuni.

---

bosi_mdogo: Dada ni ndefu sijasoma yote. Sweta la mtoto wa miaka 6 ni mishono mingapi?

Jibu: Inategemea uzi na mkono wako. Hatua ya 3.

bosi_mdogo: Si useme tu namba? Mnabania sana ujuzi.

Jibu: Nimeandika ukurasa mzima bure, sijabania. Namba ya mkono wangu itakuharibia uzi wako. Fuma sampuli, mpime mtoto kifua, ulete namba mbili hapa, nitakukokotolea.

mama_mapacha: Shikamoo dada. Nategemea mapacha Juni, niko Iringa. Naweza kufuma mizula miwili, blanketi mbili na soksi kwa pamoja? Na kichwa nitapimaje wakati hawajazaliwa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hongera sana. Unaweza, na wewe una bahati kwa sababu kazi zako ni ndogo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake huwa kama sentimita 34 au 35, kwa hiyo mzula wa mzunguko wa sentimita 31 au 32 unamshika vizuri. Mapacha mara nyingi huja mapema na huwa wadogo, hivyo fuma mmoja mdogo zaidi, wa sentimita 28. Ukingo uwe wa kuvutika ili awe nao muda mrefu. Usiweke kamba ndefu ya kufunga shingoni, wala vifungo ambavyo mtoto anaweza kuving'oa na kuvimeza. Blanketi za kroshia ziwe na matundu madogo, vidole vya mtoto hunasa kwenye matundu makubwa. Soksi nazo zigeuze utazame ndani, kata kila uzi unaoning'inia. Na zikikamilika zifue kabla ya kuziweka kwenye begi la hospitali.

mama_mapacha: Asante dada. Uzi upi?

Jibu: Akriliki laini au pamba, kwa sababu utafua kila siku. Ila akriliki na jiko la mkaa viwe mbali. Huyeyuka ikishika moto na hung'ang'ania kwenye ngozi. Kwa wanaoota moto jikoni na mtoto mgongoni, pamba au sufu ni salama zaidi.

mtu_wa_mpango: Kwa mtazamo wangu tatizo ni nidhamu. Maliza moja, anza nyingine. Hayo makaratasi ya nini?

Jibu: Wanaoweza hivyo nawapongeza. Mimi nafuma nikiwa dukani, nikiwa kwenye foleni, nikiwa na mgonjwa. Sweta lenye mchoro halifumiki kwenye foleni, na mraba wa kroshia unafumika. Ningefuata utaratibu wako, saa zote za foleni zingepotea. Karatasi inachukua dakika moja, kufumua kifua kunachukua jioni nzima.

bosi_mdogo: Haya nimefuma sampuli. 22 kwa sentimita 10. Kifua cha mtoto 64.

Jibu: Vizuri sana. Ongeza sentimita 8 za kupumulia na kuvalia shati ndani: 72. Mgongo ni nusu, 36. Mara 22, gawa kwa 10, ni 79.2, weka 80, na ongeza 2 za kushonea pembeni: 82. Kifua vilevile. Andika kwenye karatasi pamoja na milimita za sindano.

ukungu_limuru: Habari kutoka Limuru. Huku Julai si baridi tu, ni ukungu siku nzima, na marvin (mzula) ya akriliki naivaa asubuhi ikifika saa nne nasikia kichwa kibichi. Kwa nini sweta la mitumba la sufu halifanyi hivyo, na uzi wa sufu nitaupata wapi bila kufilisika?

Jibu: Swali zuri. Sufu hunywa unyevu ndani ya nyuzi zake, inaweza kubeba karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukiigusa hujui kama ina maji. Akriliki hainywi karibu chochote, unyevu unabaki katikati ya nyuzi, ndiyo huo unaousikia kichwani. Kuhusu kuupata, umeshajijibu: fumua sweta la mitumba. Kabla ya kulipa, ligeuze utazame mishono ya pembeni. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa zigizaga, liache, kila mstari umekatika na utapata vipande. Ukiona vipande vina kingo safi zilizounganishwa kwa mnyororo, tafuta ncha ya mnyororo, uchomoe, na anza kufumua kutoka juu kwenda chini. Uzi utatoka umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu bila kuusugua, uutundike kivulini. Ukikauka umenyooka. Maji ya moto na kusugua vitaugandisha, hautafumika tena.

ukungu_limuru: Nimeelewa. Na loti?

Jibu: Sweta moja ni loti moja. Tena chukua la mwanaume mkubwa, uzi unabaki hata wa glavu.

mfumaji_mufindi: Nafuata video za kroshia, blanketi langu linatoka fupi kuliko la kwenye video na nimehesabu sawa.

Jibu: Mwalimu wako ni wa nchi gani? Majina ya mishono ya kroshia yanatofautiana: singo ya Wamarekani ndiyo Waingereza wanaiita dabo, na dabo ya Wamarekani kwa Waingereza ni trebo. Kama umejifunzia kwenye kitabu cha Waingereza na video ni ya Kimarekani, ukisoma trebo utafanya mshono mfupi kuliko wao. Andika kwenye karatasi yako ni mtindo wa nchi ipi.

mfumaji_mufindi: Ni kweli, ni Mmarekani! Mimi nichangie: sindano zangu namba zimefutika, nilimpa fundi seremala kipande cha mbao akanitobolea matundu ya drili ya milimita 3, 3.5, 4, 4.5 na 5. Sindano inapoingia bila kucheza ndio unene wake.

Jibu: Hii nimeipenda, kesho naenda kwa fundi. Mwambie apige msasa ndani ya matundu, vibanzi vinakwaruza sindano za plastiki.

mgeni_wa_uzi: Kazi zinazolala kabatini hazitaliwa na wadudu?

Jibu: Akriliki hawaigusi. Sufu ndiyo chakula cha viwavi vya nondo, na wanapenda zaidi iliyo na jasho. Ifue kwanza, ikauke kabisa, ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Majani makavu ya mwarobaini au karafuu kwenye kitambaa husaidia kuwafukuza ila hayaui mayai, kwa hiyo kila mwezi itoe, ikung'ute juani, na usome karatasi yake kabla ya kuirudisha.