Sabufa Inavuma Bila Kunyamaza: Tafuta Mvumo Unakoingilia Kabla ya Kushika Bisibisi

Sabufa yenye ampulifaya ndani ikifanya "mmmm" mfululizo hata muziki ukiwa umezimwa, watu wengi hukimbilia kubadilisha kapasita, vile vipuri vya ndani vinavyohifadhi umeme. Subiri kwanza. Mvumo huingia kwa njia tatu: kebo za sauti, soketi ya stima, au ampulifaya yenyewe. Ukijua ni ipi, huenda usihitaji kufungua skrubu hata moja.

Zima sabufa na uchomoe kebo zote za sauti. Tundu la RCA (lile la duara la kebo ya sauti) likiachwa wazi linaweza kunasa mvumo lenyewe, kwa hiyo tafuta plagi kuukuu ya RCA iliyokatwa kebo, unganisha pini yake ya katikati na pete ya nje kwa kipande cha waya, kisha uichomeke kwenye tundu hilo. Washa. Ikinyamaza, sabufa ni nzima. Kasoro iko kwenye kebo au kwenye vyombo vilivyounganishwa. Ikiendelea kuvuma, zungusha kitufe cha sauti. Mvumo unaopanda na kushuka pamoja na kitufe umeingia kabla yake, na usiobadilika kabisa kwa kawaida unatoka kwenye sehemu ya umeme.

Tuseme imenyamaza. Badilisha kebo kwanza, kwa maana ndiyo rahisi. Waya wa nje wa kebo ukikatika karibu na plagi, sauti bado hupita lakini mvumo huwa mkali. Kebo mpya isiponyamazisha, shuku mzunguko wa erthi. Hapa ndipo nyumba za ghorofa za Nairobi huwatesa watu. Sabufa ya pini tatu ina njia yake ya kufika ardhini kupitia soketi. Dikoda nayo ina njia nyingine kupitia kebo ya dishi, na dishi la pamoja lililo juu ya paa limeunganishwa na dikoda za majirani. Njia hizo mbili hazina volti sawa kabisa, basi mkondo mdogo wa Hz 50 hupita kwenye waya wa nje wa kebo ya sauti, na sabufa huukuza kama vile ni besi.

Ili kuthibitisha, zima dikoda, fungua kebo ya dishi nyuma yake, kisha sikiliza. Fanya hivyo hata kama sauti inatoka kwenye televisheni, kwani HDMI huunganisha erthi za vyombo vyote viwili. Mvumo ukipotea, umempata mhalifu.

Usiweke kitenganishi cha kebo ya dishi. Kinachouzwa kwa ajili ya antena huzuia umeme wa volti 13 au 18 ambao dikoda hupeleka kwenye LNB (kipokezi kilicho kwenye dishi), na picha itakatika. Tenganisha upande wa sauti. Kuna kisanduku kidogo chenye transfoma mbili kinachokaa kati ya kebo za RCA, lakini vya bei ya chini hupunguza besi ya chini, jambo ambalo linaiondolea sabufa kazi yake. Njia bora, televisheni yako ikiwa na tundu la sauti la mwanga ("Optical"), ni kutumia kebo ya mwanga na kigeuzi cha kuileta kwenye RCA. Mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo mzunguko hukatika. Kigeuzi kipe chaja ya simu yake chenyewe. Ukikichomeka kwenye USB ya televisheni umerudisha erthi ile ile uliyoikimbia.

Kuna "dawa" moja ambayo usiikubali kamwe: kukata pini ya erthi ya plagi. Ni kweli mvumo huweza kuisha. Lakini siku waya wa moto utakapogusa bamba la chuma la nyuma, fyuzi haitakatika, na volti 240 zitamngoja mtoto anayekuja kuongeza sauti.

Wakati mwingine kosa ni kinyume: soketi ina matundu matatu lakini waya wa kijani na manjano haukuungwa popote. Dalili ni kwamba ukigusa chuma cha sabufa mvumo hubadilika, au unahisi mchonyoto kwenye kidole. Kwa multimita, waya wa moto na erthi zinapaswa kusoma karibu sawa na moto na nyutro, yaani karibu volti 240. Ukiona namba inayoelea, tuseme 90 au 120, erthi haipo. Hiyo ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na mwenye nyumba aambiwe.

Wufa ndogo za 2.1 zenye plagi ya pini mbili hazina erthi. Jaribu kuigeuza plagi kwenye adapta, maana mvumo huweza kupungua. Usichokoe tundu la erthi kwa kalamu ili plagi iingie.

Sasa turudi kwa sabufa iliyovuma hata ile plagi yenye kipande cha waya ikiwa kwenye tundu la RCA. Angalia koni, yaani sehemu ya spika inayotikisika. Ikiwa imesukumwa mbele au nyuma na kubaki hapo huku ikinguruma, zima mara moja: IC (chipu) ya kutoa sauti imekufa na koili ya spika inaungua. Ikiwa koni imetulia na sauti inatoka kwenye bamba la nyuma, ni transfoma inayotikisika. Kaza boliti yake na uweke mpira chini. Kwa transfoma ya duara, boliti ya katikati isiguse chuma pande zote mbili, la sivyo inakuwa mzingo uliofungwa na transfoma huungua.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa plagi. Ukiona kapasita kubwa iliyoandikwa 400V au 450V, funga uipeleke kwa fundi, kwani hiyo hubeba takriban volti 340. Kwenye ile ya transfoma ya kawaida, shika rezista ya omu 220 wati 5 kwa koleo lenye mpira, uiguse miguu ya kila kapasita kubwa kwa sekunde 10, kisha pima hadi iwe chini ya volti 2.

Anza na viungo vya solda vya tundu la RCA. Mtikisiko wa besi na kuvutwa kwa kebo huvipasua, na kuvilehemu upya ni kazi ya dakika chache. Kisha kapasita zilizovimba kichwa: mara nyingi ni 4700 µF volti 50. Luthuli Avenue, Nairobi, utazipata. Nunua zenye µF ile ile au zaidi kidogo, volti ile ile au zaidi, na alama ya 105°C, ubadilishe zote mbili kwa pamoja ukizingatia mguu wa hasi. Mvumo wa Hz 100, wa juu kidogo kuliko ule wa mzunguko wa erthi, ndio unaoelekeza huku. Kapasita zikiwa sawa, pima dayodi nne: multimita ikiwa kwenye alama ya dayodi, kila moja isome kati ya volti 0.5 na 0.7 upande mmoja, na isisome chochote upande wa pili.