Utafiti wa baada ya uzamivu: jinsi ya kuandaa ombi lako ukiwa Lamu

Nafasi nyingi za utafiti wa baada ya uzamivu (postdoc) katika uchumi hutangazwa kati ya Septemba na Desemba, kwa mkataba wa mwaka mmoja hadi mitatu. Ukisubiri tangazo ndipo uanze kuandika, umechelewa.

Hatua ya 1: Shika sera moja. "Maendeleo ya Pwani" si swali. Bandari ya Lamu inatosha: gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe Sh1.76 bilioni. Uliza: lau bandari isingejengwa, kipato cha mvuvi kingekuwaje?

Hatua ya 2: Tafuta wa kulinganisha nao. Hapa ndipo ombi linaposimama au kuanguka. Wengi hukimbilia kumlinganisha mvuvi wa Lamu na wa Malindi. Lakini Lamu kulikuwa pia na marufuku ya kuvua usiku kwa sababu za usalama. Waliotegemea uvuvi wa usiku walipungukiwa kabla ya meli ya kwanza kutia nanga. Usipozitenganisha sera hizi mbili, bandari itabebeshwa hasara isiyo yake. Mimi napendelea kulinganisha Walamu kwa Walamu: waliokuwa wakivua palipochimbwa mkondo wa kupitisha meli, na wale wa Kiunga walio mbali na bandari. Hakikisha tu marufuku ilitekelezwa sawa pande zote. Tena, usilinganishe mavuno ya Kaskazi na ya Kusi, kwani Kusi ikichafuka madau mengi hayatoki.

Hatua ya 3: Data na kibali. Anza na tafiti za kaya za KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya, kisha omba daftari za samaki za BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kipatikane kabla hujamhoji mtu yeyote. Maswali yajaribu kwa Kibajuni, hasa ya kipato; mvuvi atakutajia mgao wake, nawe ukadhani ni pato la chombo kizima.

Hatua ya 4: Andika. Makala moja iliyoiva inashinda tatu mbichi. Barua tatu za wadhamini ziombe mapema.

Hatua ya 5: Peleka. Fuatilia KIPPRA (taasisi ya utafiti wa sera za umma) na APHRC (kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya) jijini Nairobi, KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba) Kilifi kwa sera za afya, na vyuo vya nje. Kwenye usaili uliza wazi: data itakuwa ya nani, nitapewa muda kwa utafiti wangu, na mafuta ya boti hadi Kiunga yamo kwenye bajeti?