Seti Mpya Imetoka: Kutoka Pakiti 6 Hadi Deki ya Kadi 40

Kila seti mpya ya kadi za mchezo wa Magic: The Gathering inapotoka, kundi letu hapa Nairobi hupata wageni wawili watatu, na wote hufanya mambo yale yale. Wanararua pakiti zao 6 zenye kadi 84, wanatafuta kadi inayong'aa, wanaipiga picha, halafu hawajui wazifanyie nini zile 83 zilizobaki. Mwongozo huu ni wa hizo 83: jinsi ya kuzigeuza kuwa deki, yaani fungu lako la kuchezea, la kadi 40.

Hatua ya 1: Changeni kama chama

Kila mchezaji anahitaji pakiti 6, kwa hiyo watu 5 ni pakiti 30. Sisi humteua mweka hazina mmoja, kila mtu anamtumia mchango wake kwa M-Pesa, na boksi linanunuliwa zima, likiwa bado na nailoni ya kiwandani. Niliwahi kununua pakiti 4 za rejareja mjini kwa bei ya kuvutia. Kila pakiti halali huwa na angalau kadi moja yenye alama ya dhahabu, au ya chungwa ambayo ni adimu zaidi. Zangu hazikuwa na hata moja. Nilipoziangalia vizuri, mshono wa juu ulikuwa umegundishwa upya. Tangu siku hiyo mimi hupapasa mshono kwanza.

Mkiagiza kutoka nje, hesabuni VAT ya 16% na ushuru kabla ya kugawana gharama. Kumrudia mtu baadaye ukimwambia aongeze kidogo ndiko kunakovunja vyama.

Hatua ya 2: Soma seti kabla hujaigusa

Wizards of the Coast, kampuni inayotengeneza mchezo huu, huonyesha kadi zote mtandaoni kabla seti haijaanza kuuzwa. Usijaribu kuzikariri. Tafuta vitu viwili tu: maneno mapya ya seti hiyo (majina ya uwezo wa kadi), na kadi za rangi mbili zenye alama ya fedha. Hizo za rangi mbili ni kama kibao cha stejini: zinakwambia kila jozi ya rangi inaelekea wapi.

Chukua mfano wa Bloomburrow, ya Agosti 2024. Kila jozi ya rangi ilikuwa na mnyama wake: popo walikuwa weupe na weusi, vyura kijani na buluu, fisimaji buluu na nyekundu, kuchakuro nyeusi na kijani. Panya wadogo, nyekundu na nyeupe, walikuwa na uwezo unaoamka mara ya kwanza katika zamu unapowalenga kwa kadi yako mwenyewe. Kwa hiyo kadi ndogo ya kumwongezea nguvu kiumbe wako (kadi inayokupigania), ambayo kwenye seti nyingine ningeiacha mezani, huko ilikuwa dhahabu. Ndiyo maana nasema soma kwanza: seti mpya hubadilisha thamani ya kadi ulizodhani unazijua.

Hatua ya 3: Fungua, panga, nyamaza

Chai ikae meza nyingine. Fungua pakiti zako zote 6. Za siku hizi zina kadi 14 za kuchezea kila moja. Zitenge kwa rangi: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu, kijani, kisha zisizo na rangi na za rangi mbili pembeni.

Sasa pitia kila fungu na utoe zile ambazo hungependa kuzicheza kamwe. Kuwa katili. Kinachobaki ndicho unachohesabu, na hesabu ndiyo inayochagua rangi zako, si ile kadi moja uliyoipenda. Mimi nilipofungua Bloomburrow, kadi yangu tamu kuliko zote ilikuwa ya buluu. Nikahesabu: buluu inayofaa, 6. Nyeusi, 11. Kijani, 12. Jirani yangu mezani akachungulia akasema, "Bro, hiyo buluu iache, umeshaandikiwa kuchakuro." Iliniuma, lakini 11 na 12 ni 23, na 23 ndiyo idadi unayoitafuta: zile 17 za kufikisha 40 ni ardhi, kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine.

Mkiwa na mafungu mawili yanayokaribiana, chagua lenye kadi nyingi za kuua viumbe vya mpinzani. Zikilingana hata hapo, chagua lenye viumbe wanaoruka.

Hatua ya 4: Panga kwa bei

Zilaze zile 23 mezani kwa safu, kufuata mana zinayogharimu. Ninapenda kadi 6 hivi za mana 2, 5 za mana 3, 4 za mana 4, kisha safu zipungue. Za mana 6 na kuendelea zisizidi 2. Viumbe wawe 15 au 16. Safu ya mana 2 ikiwa tupu, utakaa zamu tatu ukitazama unavyopigwa.

Hatua ya 5: Ardhi 17, usibishane

Kadi 23 na ardhi 17 ni 40. Ukishika kadi 7 za kwanza, kwa wastani 3 zitakuwa ardhi, na hapo mchezo unaanza vizuri. Gawa 9 kwa 8, rangi yenye kadi nyingi ipate 9.

Kuna kishawishi cha kuingiza rangi ya tatu, ardhi 3 tu, kwa ajili ya ile kadi tamu. Piga hesabu. Ukianza wewe, ukifika zamu ya 4 umeona kadi 10. Uwezekano wa kuwa umeona angalau moja ya zile ardhi 3 ni kama 59%. Yaani katika michezo 10, minne hivi utakuwa umefika hapo bila ardhi ya kuilipia hiyo kadi yako. Mimi hukubali tu ikiwa ni kadi ya kuua kiumbe yeyote, tena ya mwisho wa mchezo.

Hatua ya 6: Cheza

Watu 5 wakicheza kila mmoja na mwenzake ni raundi 5, mmoja akipumzika kila raundi. Kwa dakika 50 kila moja, mkianza saa nne asubuhi mnamaliza mapema jioni hata mkila katikati.

Kadi ulizoziacha si takataka. Kati ya mchezo na mchezo unaruhusiwa kuziingiza. Mpinzani akiwa na viumbe wengi wanaoruka, ile kadi ya kuangusha warukao uliyoidharau asubuhi inaingia sasa.

Biashara ya kubadilishana ingoje raundi ya mwisho. Na kabla mtu hajavaa koti, kila mmoja ahesabu kadi zake zote 84. Ikipungua moja, angalieni kwanza chini ya mito ya kochi.