Kutoa kula (kipoza oili kwa maji) ya matyubu na kuweka ya pleti

Wakuu, kama mashine ya plastiki ikifika saa nane mchana oili inasoma 65 na mwendo unaanza kulegea, kaangalie ile kula ndefu ya matyubu, huenda imejaa magadi. Sisi tulikuwa tunaichokoa na fimbo mpaka tukachoka tukaweka ya pleti, yaani mabati membamba yaliyopangwa, oili na maji vinapita katikati yake. Ni ndogo ukilinganisha na ile, ila inapoza balaa.

Usiende dukani na saizi ya bomba tu, pima joto kwanza. Subiri oili itulie isipande tena (ikiwa bado inapanda hesabu itakudanganya), kinga maji yanayotoka kwenye kula na ndoo ya lita 20, ikijaa kwa sekunde 20 hiyo ni lita 60 kwa dakika. Maji yanaingia 28 yanatoka 33, tofauti 5. Piga 60 mara 5 mara 0.07, unapata kilowati 21, hilo ndo joto ambalo kula inatoa kwenye oili. Muuzaji mpe hiyo namba, aina ya oili, lita za oili kwa dakika, na mwambie unataka itulie kwenye 45 mpaka 50.

Zipo zilizochomelewa kwa shaba, hizo hazifunguki, na zipo za bolti. Maji yako yakiwa machafu chukua ya bolti hata kama bei inauma. Halafu raba za kuziba katikati ya pleti! Kwa oili ya kawaida ya haidroliki dai NBR (raba inayovumilia oili). Sisi tuliuziwa EPDM, ile inafaa maji, ikakutana na oili ikavimba kama andazi na kula ikaanza kulia machozi pande zote.

Kufunga sasa: zima umeme, weka kufuli, toa presha yote, hata iliyo kwenye akyumuleta (chupa inayotunza presha), ndo ufungue. Oili na maji vipishane, kimoja kikiingia juu kingine kiingie chini, ukivipeleka njia moja umepoteza nguvu bure. Bolti kaza kwa kupishanisha kona, na uache ukifika kipimo kilichoandikwa kwenye kibati chake, mambo ya kukaza mpaka mkono uchoke ndo yanakunja pleti. Upande wa oili weka chekivalvu ya kukwepesha (inapitisha oili pembeni ya kula presha ikizidi), maana asubuhi oili ni nzito kama uji na presha itapanda.

Upande wa maji weka chujio, lazima. Njia za ndani ni milimita chache tu, uchafu ambao tyubu ingeupitisha hapa unaziba. Na kama ni kisima cha chumvi chumvi kama vingi vya pwani, stenlesi ya 316 inaweza kutoboka, tafuta maji mengine au pleti za titani. Kusafisha tumia asidi ya sitriki, ile ya chumvi inayouzwa kwa vyoo usiiguse kabisa.

Ukiwasha fungua maji taratibu, toa hewa, kagua maungio. Kesho yake chungulia kioo cha tangi, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa zima mashine saa hiyo hiyo, maji yameshaingia.